Barua ya wazi kwa mnaotunga kiwango cha taifa cha ufikivu wa tovuti

Kwa mawaziri wenye dhamana ya TEHAMA, wakuu wa mashirika ya viwango na maafisa ununuzi wa serikali,

YAH: KIFUNGU KINACHOKOSEKANA KATIKA RASIMU ZENU

Waheshimiwa,

Barua hii haina jina la nchi, na si kwa kusahau. Rasimu za viwango vya ufikivu wa tovuti, yaani tovuti kuweza kutumiwa na kila mtu hata mwenye ulemavu, zinafanana mno: ukifuta nembo na saini ya waziri, ni vigumu kujua ipi imetungwa wapi. Kuna dibaji ya haki za watu wenye ulemavu, kuna ufafanuzi wa istilahi, kisha vinafuata vigezo vya kiufundi vilivyotoka karibu vyote kwenye chanzo kimoja. Hayo yote sina ugomvi nayo. Ninachogombana nacho ni ukurasa wa mwisho, ule unaosema taasisi za umma "zitahimizwa" kufuata kiwango kadiri uwezo wao utakavyoruhusu.

Himizo halijawahi kunifungulia fomu hata moja.

Mimi sioni. Ninatumia kompyuta na simu kwa kisomaji skrini, yaani programu inayotamka kwa sauti yaliyomo kwenye ukurasa huku nikisogea humo kwa kibodi au kwa kidole, bila kipanya. Kazi yangu ni kupima tovuti: wakati mwingine kabla hazijafunguliwa kwa umma, mara nyingi zaidi baada ya kufunguliwa na watu kuanza kulalamika. Kutokana na kazi hiyo nina ombi moja tu kwenu, na mengine yote humu ni maelezo yake. Kiwango kikiwa tayari, kiingizeni ndani ya mkataba wa kila anayeijengea serikali tovuti au programu, kiwe sharti la kupokea kazi na sharti la kulipa. Asiyetimiza asipewe malipo ya mwisho mpaka atimize.

Kuhusu vigezo vyenyewe nitasema machache, kwa sababu kazi hiyo imeshafanywa. Shirika la W3C, linalotunga kanuni za kiufundi za wavuti duniani, lilitoa toleo la kwanza la miongozo ya ufikivu, WCAG, mwezi Mei 1999. Toleo la 2.0 likafuata Desemba 2008, na mwaka 2012 likapitishwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO, shirika la viwango la kimataifa. La 2.1 lilitoka mwaka 2018, la 2.2 Oktoba 2023. Hilo la mwisho lina vigezo 86 vilivyogawanywa katika ngazi tatu, A, AA na AAA. Ukichukua A na AA, ambazo ndizo serikali nyingi huzidai, unabaki na vigezo 55. Kila kimoja kimeandikwa ili kipimike: ukurasa umepita au haujapita. Kamati itakayojifungia miezi kadhaa ili itunge vigezo vyake yenyewe itatoka na kitu dhaifu zaidi, tena kitu ambacho hakuna chombo kinachokipima wala mjenzi wa nje anayekifahamu. Chukueni 2.2, ngazi ya AA. Andikeni kwamba toleo jipya likitoka mtalipitia ndani ya muda mlioutaja. Kisha nguvu zenu zihamie kwenye kazi ngumu.

Kuna jambo moja tu ambalo ningependa taifa liliongezee uzito, nalo ni lugha. Ndani ya msimbo wa kila ukurasa, yaani maelekezo ya kompyuta yanayoujenga, kuna mahali pa kutaja umeandikwa kwa lugha gani. Ni herufi mbili. Za Kiswahili ni "sw". Kisomaji skrini huzitazama hizo ili kichague sauti ya kusomea. Zikikosekana, au mjenzi akiacha "en" iliyokuja na kiolezo alichonunua, sauti ya Kiingereza hulisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na kinachotoka mdomoni mwake hata mama mzazi wa mwandishi hawezi kukitambua. Sauti za Kiswahili zipo. Ile ya eSpeak NG, inayokuja bure pamoja na kisomaji skrini cha NVDA, inasoma Kiswahili, ingawa kwa sauti ya kimashine. Inachokosa ni kuambiwa tu. Ubaya wa kosa hili ni kwamba vyombo vingi vya kupima tovuti vikiona "en" vinaridhika, kwa sababu "en" ni lugha halali. Havijui kwamba maandishi yaliyopo si yake. Anayejua ni mtu anayesikiliza.

Wengi wenu hamjawahi kusikia ukurasa ukisomwa, kwa hiyo niwaeleze fomu mbovu inavyosikika. Ninafika kwenye kisanduku cha kwanza, sauti inasema, "Hariri, tupu." Ninabonyeza Tab, kitufe cha kuhamia kisanduku kinachofuata. "Hariri, tupu." Ninabonyeza tena. "Hariri, tupu." Anayeona anasoma juu ya kila kisanduku: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho. Lakini maneno hayo yamewekwa karibu na kisanduku kwa ajili ya macho tu. Kwenye msimbo hayajaunganishwa nacho. Kuyaunganisha ni kazi ya mstari mmoja. Ninakisia kwa mpangilio, ninajaza, ninafika chini na kukuta kitu kinachoitwa "kitufe", basi, jina hakina, kwa sababu mjenzi ameweka picha ya mshale. Ninakibonyeza. Kimya. Kumbe kisanduku kimoja kimegeuka chekundu kwa kuwa tarehe nimeiandika kwa mtindo usiotakiwa. Hakuna maneno yaliyotamkwa, ni rangi peke yake. Nikiwa bado nakitafuta kisanduku hicho, muda wa ukurasa unaisha na fomu nzima inajifuta.

Katika simulizi hiyo fupi vigezo visivyopungua vitano vimevunjwa, na vyote viko kwenye ngazi A, ngazi ya chini kabisa. Sijagusa hata AA.

Nimeanza na wasioona kwa sababu ndiyo hali ninayoijua mwenyewe, lakini kiwango si chetu peke yetu. Mtu ambaye mikono yake inatetemeka hawezi kulenga kitufe kidogo kilichobanana na kingine; toleo la 2.2 limeweka ukubwa wa chini wa pikseli 24 kwa 24, au nafasi ya kutosha kukizunguka. Mwenye uoni hafifu anakuza ukurasa kwa asilimia 400, na maandishi hayapaswi kumkimbia upande wa kulia mpaka ayafuate kwa kusukuma kurasa huku na huko. Rangi ya kijivu juu ya nyeupe, ambayo wabunifu wanaipenda kwa sababu nisizozielewa, inamshinda yeye na inamshinda pia mzee yeyote asiyejihesabu kuwa na ulemavu. Kiwango kinataka uwiano wa utofauti kati ya rangi ya maandishi na ya usuli wake usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kiziwi anahitaji manukuu kwenye video, yaani yanayosemwa yaandikwe kwenye skrini, na manukuu yanayotengenezwa na mashine bila kuhaririwa hukosea zaidi pale hasa pasipotakiwa kukosewa: majina, tarehe na kiasi cha fedha. Mtu mwenye ulemavu wa akili, au aliyepata kiharusi na kupoteza sehemu ya kumbukumbu, anashindwa na fomu inayomuuliza jambo lile lile mara tatu. Mwenye kifafa anaweza kuanguka kwa sababu ya picha inayowaka na kuzima zaidi ya mara tatu kwa sekunde, na hicho ndicho kigezo pekee ninachowaomba wajenzi wasijaribu kukipima kwa kumwonyesha mtu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani takriban mmoja kati ya kila watu sita, wana ulemavu mkubwa. Na nchi nyingi zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2008, ambao Ibara yake ya 9 inaitaja intaneti kwa jina. Haya mnayajua. Yamo kwenye dibaji zenu. Nayataja ili ionekane kwamba hatujakosa sheria ya kuegemea; tumekosa mtu wa kuzuia hundi.

Ushahidi wa hilo uko wazi. Kundi la WebAIM la Marekani hupima kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni 1 zinazotembelewa zaidi. Mwaka 2019, kurasa 97.8 kwa kila 100 zilikutwa na makosa ya WCAG yanayoonekana kwa mashine. Mwaka 2025 zilikuwa 94.8. Miaka sita, pointi tatu. Na makosa yenyewe karibu yote ni ya aina sita, zile zile kila mwaka: maandishi yaliyofifia, picha zisizo na maelezo, visanduku vya fomu visivyo na lebo, viungo vitupu, vitufe vitupu, na ukurasa usiotaja lugha yake. Hakuna hata moja linalohitaji utafiti. Mwanafunzi anayeanza kujifunza HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, anaweza kuyarekebisha yote sita. Kwa hiyo tusiambizane tena kwamba tatizo ni ukosefu wa uelewa na kwamba dawa yake ni warsha nyingine. Wajenzi wanajua, au wangejua kwa siku moja, kama malipo yao yangetegemea kujua.

Hapo ndipo mkataba unapoingia.

Wazo hili si langu. Marekani ililiweka kwenye sheria mwaka 1998, ilipokipa nguvu kifungu cha 508 cha sheria yake ya ukarabati wa watu wenye ulemavu: idara za serikali kuu zikinunua au kujenga teknolojia, iwe inayofikika. Ulaya ilipotoa kiwango chake, EN 301 549, mwaka 2014, jina lake refu lilisema waziwazi kwamba ni masharti yanayofaa kwa ununuzi wa umma. Yaani mwanzoni kabisa kiliandikwa kwa ajili ya afisa ununuzi, kabla ya mjenzi wala mwanaharakati. Kenya nayo ilipata kiwango chake cha taifa cha ufikivu wa TEHAMA mwaka 2022. Kwa hiyo karatasi zipo. Swali ni kama karatasi hizo zinafika mezani siku ya kukabidhiwa kazi.

Kwa uzoefu wangu hazifiki, au zinafika zimechelewa. Kinachotokea ni hiki. Tangazo la zabuni linataja ufikivu kwa sentensi moja, katikati ya sentensi za usalama na kasi. Mzabuni anajibu, "Tutazingatia." Hakuna anayemuuliza vipi. Miezi inapita, tovuti inajengwa, siku ya uzinduzi inatangazwa, na ndipo mtu anakumbuka kuita wapimaji. Tunapima, tunaandika ripoti yenye kurasa nyingi, mkandarasi anajibu kwamba marekebisho hayo ni kazi mpya inayohitaji bajeti mpya. Na kwa mujibu wa mkataba, mara nyingi yuko sahihi. Nimewahi kukabidhi ripoti ya namna hiyo kwa taasisi moja ya umma ambayo ilinishukuru sana, ikaifunga kwenye jalada, ikazindua tovuti wiki hiyo hiyo.

Gharama ya kuchelewa ina mfano wa zamani ambao hauchoki. Mwaka 1999 Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, aliilalamikia kamati ya maandalizi ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney mbele ya tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo. Tovuti ya michezo ilikuwa na picha zisizo na maelezo, orodha ya michezo isiyofikika kutoka kwenye ratiba, na majedwali ya matokeo ambayo kisomaji skrini hakikuyaweza. Kamati ikajitetea kwamba kurekebisha kungegharimu zaidi ya dola milioni 2 za Australia na kuchukua zaidi ya mwaka. Wataalamu wa upande wa pili wakasema ni kazi ya wiki chache kwa timu ndogo. Agosti 2000 tume ilimpa Maguire haki. Kamati haikutekeleza ipasavyo, na baadaye ikaamriwa imlipe dola 20,000 za Australia. Fidia ilipoamriwa, michezo ilikuwa imekwisha.

Ninalipenda shauri hilo kwa sababu ya ule ugomvi wa gharama. Kila anayeulizwa mwishoni hutaja kiasi kikubwa, na si lazima awe anadanganya: kufumua kilichokwisha kujengwa ni ghali kweli. Anayeulizwa mwanzoni hutaja kiasi kidogo, kwa sababu kitufe cha kawaida cha HTML kinakuja na kila kitu ndani yake. Kinafikiwa kwa kibodi, kinajitambulisha kuwa ni kitufe, kinasoma jina lake. Mjenzi anayeharibu ni yule anayekikwepa, akachora kisanduku chenye rangi nzuri na kukifundisha kuigiza kitufe kwa kipanya tu. Ametumia muda mwingi zaidi kupata kitu kibovu zaidi. Kwa hiyo hoja kwamba sharti hili litawaondoa wajenzi wadogo kwenye zabuni siikubali. Mjenzi mdogo anayeandika HTML safi ana nafasi nzuri kuliko kampuni kubwa inayobeba violezo vya miaka kumi iliyopita.

Mtaniuliza, mkaguzi ni nani? Hapa nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu wanauona mkali. Mkandarasi asijikague. Utamaduni wa mzabuni kujaza mwenyewe ripoti ya ufikivu wa bidhaa yake umeenea, na ripoti hizo nimezisoma nyingi. Zina neno "inatimiza kwa sehemu" kwenye kila mstari unaouma. Wala msiiachie kazi hiyo programu ya kupima peke yake. Mwaka 2017 kitengo cha huduma za kidijitali cha serikali ya Uingereza kilitengeneza ukurasa wenye makosa ya makusudi zaidi ya 140, kisha kikauweka mbele ya vyombo mbalimbali vya kupima. Kilichofanya vizuri kuliko vyote kiligundua takriban asilimia 40. Mashine inaweza kuona kwamba picha ina maelezo. Haiwezi kujua kwamba maelezo hayo yanasema "picha1 ya mwisho kabisa mpya". Tumieni vyombo hivyo, kwa sababu ni vya haraka na ni rahisi, lakini kazi ipokelewe baada ya watu wenye ulemavu wenyewe kuikamilisha huduma kuanzia mwanzo hadi mwisho: asiyeona kwa NVDA kwenye kompyuta na kisomaji skrini cha TalkBack kwenye simu, mwenye ulemavu wa viungo kwa kibodi peke yake au kwa swichi, yaani kitufe maalumu kinachochukua nafasi ya kibodi; kiziwi, mwenye uoni hafifu, mtu anayesoma polepole. NVDA ni ya bure tangu ilipoanza mwaka 2006, TalkBack imo ndani ya simu za Android. Hakuna maabara ya kujenga.

Na wapimaji hao walipwe. Tumezoea kuitwa kwenye vikao "kutoa maoni" bila malipo, huku mshauri anayeona, anayekuja kutueleza jinsi sisi tunavyotumia kompyuta, akilipwa kwa siku. Hili nalisema bila kificho kwa sababu linawahusu vijana wengi wenye ujuzi ambao hawana ajira.

Mtakutana pia na muuzaji wa njia ya mkato. Atawaambia kuna kipande cha msimbo ambacho ukikibandika kwenye tovuti yoyote, kinaifanya ifikike papo hapo kwa akili bandia. Kinaweka kitufe chenye alama ya mtu pembeni mwa ukurasa. Ukikibonyeza unapewa maandishi makubwa na rangi tofauti. Asiyeona ana kisomaji chake tayari, mwenye uoni hafifu anajua kukuza ukurasa wake. Kile kilichoharibika ndani ya fomu kinabaki kimeharibika. Mwaka 2025 tume ya biashara ya Marekani iliiamuru moja ya kampuni hizo, accessiBe, ilipe dola milioni 1 kwa madai ya kupotosha kuhusu uwezo wa bidhaa yake. Wekeni kwenye zabuni zenu kwamba bidhaa za namna hiyo hazihesabiwi kuwa utimizaji wa kiwango. Mstari mmoja utawaokolea fedha nyingi.

Kuhusu toleo la pembeni la tovuti "kwa ajili ya walemavu", jibu langu ni hapana. Hakuna anayelihuisha.

Sasa nyaraka. Kama kuna jambo ambalo serikali zinaweza kuliacha kesho asubuhi bila senti moja, ni hili la kuchukua waraka ulioandikwa kwa kompyuta, ukiwa na maandishi safi yanayosomeka, kuuchapa kwenye karatasi, kuugonga muhuri, kuuskani ukiwa umepinda kidogo, na kuuweka mtandaoni kama picha ndani ya PDF. Kisomaji skrini kinapofika hapo kinasema, "Ukurasa mtupu." Ninaelewa kwamba muhuri una heshima yake. Basi wekeni ule wenye muhuri na ule wa maandishi, pamoja, mahali pamoja, siku moja. Sheria, matangazo ya ajira, ratiba za mitihani, matangazo ya dharura ya afya: karibu yote yanatufikia kupitia mtu mwingine aliyetusomea, na huyo mtu ndiye anayeamua kipi ni cha muhimu.

Eneo linalonitia hofu zaidi kwa miaka ijayo ni utambulisho. Huduma zinahamia mtandaoni zote kwa pamoja, na mlangoni kwake pamewekwa vizuizi vilivyobuniwa na watu wanaoona kwa ajili ya watu wanaoona. Kuna kapcha inayokuambia uchague picha zenye taa za barabarani. Kuna namba ya siri ya muda inayoisha kabla kisomaji hakijamaliza kuitamka mara ya pili. Jipya zaidi ni kipimo cha uso: weka uso wako ndani ya duara, sogea karibu, geuka kushoto, pepesa macho. Programu inanielekeza kwa mishale ambayo siioni, na kwa baadhi ya wenzangu kupepesa macho si jambo wanaloweza kulifanya hata wakielekezwa. WCAG 2.2 imeongeza kigezo kuhusu kuingia kwenye akaunti bila kulazimishwa kukumbuka au kutatua fumbo, lakini hakigusi yote haya. Kwa hiyo mkataba useme zaidi ya kiwango: kila njia ya kuthibitisha utambulisho iwe na njia ya pili isiyotegemea kiungo kile kile cha mwili, na njia hiyo isimlazimishe mtu kusafiri kwenda ofisini wakati wenzake wanamaliza kitandani.

Najua pia kwamba si kila tovuti ya serikali inajengwa kwa zabuni. Nyingi zinajengwa na waajiriwa wenu wa ndani, ambao hawana malipo ya mwisho ya kuzuiwa. Kwao kizuizi kiwe anwani. Taasisi inayogawa majina ya tovuti za serikali isiifungue anwani mpya kwa umma kabla haijapokea cheti cha upimaji, kama ambavyo mifumo isiyopita ukaguzi wa usalama inavyozuiwa. Siku ya uzinduzi itasogezwa, mgeni rasmi atakasirika. Akasirike. Mfumo unaovuja taarifa za siri husubirishwa bila mtu kulalamika, na mfumo usiofikika nao una kasoro ya uzito wa namna hiyo.

Malalamiko yanahitaji mahali pa kupelekwa na mtu wa kuyajibu. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2016 yanazitaka taasisi za umma zichapishe tamko la ufikivu: kipi hakifikiki, kwa nini, na mtu aandike wapi. Liigeni, lakini liwekeeni siku za kujibu na ngazi ya pili ya rufaa. Tamko lisilojibiwa ni pambo.

Sitaki barua hii iishie kusubiri kamati, kwa hiyo nawaandikia kifungu chenyewe. Wanasheria wenu wakinyooshe Kiswahili chake, lakini kiingie kwenye zabuni inayofuata, hata kabla kiwango cha taifa hakijasainiwa, kwa kuwa hakuna sheria inayomzuia mnunuzi kudai kitu kizima:

"Mkandarasi atajenga mfumo unaotimiza WCAG 2.2 ngazi ya AA katika lugha zote za mfumo, na kila ukurasa utataja lugha yake. Mfumo utapimwa katika hatua ya kwanza ya usanifu, katikati ya ujenzi na kabla ya makabidhiano, na wapimaji huru wenye ulemavu watakaolipwa na mnunuzi. Kasoro itakayobainika itarekebishwa kwa gharama ya mkandarasi. Sehemu ya malipo isiyopungua moja ya tano itashikiliwa hadi wapimaji wathibitishe kwamba wamekamilisha huduma zote kuu bila kusaidiwa na mtu mwingine. Sharti hili litaendelea kwa kila sasisho katika kipindi chote cha matengenezo."

Wenu,

Mpimaji wa tovuti asiyeona